Uganda: Kwa nini masharti ya corona hayakufuatwa na wote

Mwaka 2020, Uganda iliweka masharti makali ya kuzuia kuenea kwa virusi vya corona. Mwishoni mwa mwezi Machi usafiri wa umma ulisimamishwa, bodaboda zikapigwa marufuku kubeba abiria, na amri ya kutotoka nje ikaanza kutekelezwa kila siku saa moja jioni.

Kwa mwenye mshahara na akiba, kukaa nyumbani kuliwezekana. Kwa mchuuzi wa Kampala anayekula alichokipata siku hiyo, amri hiyo hiyo ilimaanisha kulala njaa. Serikali iligawa kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa kila mhitaji, kuanzia Kampala na Wakiso. Wajawazito nao walihitaji kwanza kibali cha mwakilishi wa rais wilayani ili wapelekwe hospitalini kwa gari; sharti hilo liliondolewa mwezi Aprili.

Hivyo, anayekiuka amri si lazima awe mkaidi. Huenda anapima hatari mbili: ugonjwa asiouona, na njaa iliyokwisha kubisha hodi. Masharti hutiiwa zaidi pale mwananchi anapokuwa na uwezo wa kuyatimiza.