Je, Wajua? Treni ya Kibera na Ndugu Zake wa Mallorca

Mkazi wa mtaa wa Jamhuri, Nairobi, akishuka hadi stesheni ya Kibera, anasubiri treni ya Kikuyu kando ya njia kuu ya reli inayoendelea hadi Nakuru, ambako hugawanyika: moja Kisumu, nyingine Eldoret na Malaba. Upande wa pili wa jiji, mgawanyiko uko Makadara. Hapo tawi la Thika, lililofika mji huo mwaka 1913 na Nanyuki 1930, huachana na njia ya Syokimau na Mombasa.

Je, wajua kwamba treni za dizeli zilizozinduliwa Nairobi mwaka 2020 zilitoka Mallorca, kisiwa cha Hispania? Zilitufaa kwa sababu reli ya huko, kama hii yetu ya zamani, ina upana wa mita moja. Reli ya kisasa ya SGR ina milimita 1,435, hivyo abiria wake kutoka Mombasa hubadilisha treni Syokimau ili afike katikati ya jiji.

Pale Kibera, wachuuzi hutandaza mitumba na mboga hatua chache tu kutoka kwenye reli. Treni haiwezi kukukwepa. Ukisikia honi, toka relini mara moja.