Tone Moja, Mahali Pake

Mafundi cherehani wa Tandika na Mwananyamala, Dar es Salaam, hufanya kazi barazani, mguu kwenye pedali, vumbi la barabara likipita kati yao na wateja. Cherehani nyingi ni zile nyeusi za chuma, Butterfly kutoka China au Singer za zamani, na si chache zimerithiwa kwa wazazi. Chuma cha namna ile kikitunzwa kinaweza kuishi kuliko fundi mwenyewe. Mara nyingi kinachokiua mapema ni mafuta: ama hayakuwekwa, ama yaliwekwa yasiyofaa.

Pembeni ya cherehani huwa pana kichupa cha plastiki chenye mdomo mrefu mwembamba, na ndani yake mafuta mepesi yasiyo na rangi. Hayo ndiyo mafuta ya cherehani. Yakiisha huku Idd imekaribia na nguo za watu zimejaa mezani, fundi hushika kilicho karibu: oili ya bodaboda, alizeti ya jikoni, mafuta ya nazi ya kupaka nywele, au ile WD-40 ya kupuliza. Vyote vinateleza ukivisugua kati ya vidole. Lakini vidole haviwezi kukwambia kama vitateleza baada ya miezi miwili, ndani ya tundu jembamba, kwenye joto na chumvi ya Dar es Salaam. Hapo ndipo sayansi inapoanza kazi, na ni sayansi ileile anayoihitaji mpiga shabaha anayechagua mafuta ya bastola yake ya mashindano.

Chuma kilichochongwa mpaka kikang'aa bado kina vilima na mabonde, ila ni vidogo, vya kiasi cha mikroni moja hivi, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Vipande viwili vikilaliana, vinagusana kwenye vilele tu. Mzigo wote unabebwa na vilele hivyo vichache, na shinikizo pale linakuwa kubwa kiasi cha chuma kushikana na chuma. Ukivisogeza, vilele vinang'oka. Pangusa kitambaa cheupe kwenye fimbo ya sindano ya cherehani iliyokaa kavu muda mrefu, utaona unga mweusi au wa rangi ya kutu. Ule unga ni mashine yenyewe, inaisha kidogo kidogo.

Kazi ya mafuta ni kuvitenganisha vilele hivyo. Namna yanavyofanya hivyo iligunduliwa kwa ajali, na kisa chake kinastahili kusimuliwa. Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akipima msuguano kwenye beringi za aina ya zile za mabehewa ya reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atilie mafuta. Mhimili ulipozunguka, mafuta yakapanda na kumwagika kupitia tundu hilohilo. Akaziba kwa kizibo, kikasukumwa nje. Akagongelea kipande cha mti, nacho kikatoka. Mwishowe akafunga geji, na mshale ukapita kikomo chake cha pauni 200 kwa inchi ya mraba, mara mbili ya shinikizo la mzigo uliokuwa ukibebwa. Maana yake mhimili ulikuwa umeinuliwa na mafuta, haugusi chuma kabisa. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaeleza jambo hilo kwa hesabu: mhimili unapozunguka unayakokota mafuta na kuyaingiza kwenye nafasi inayozidi kuwa nyembamba, na kule kubanwa ndiko kunakozaa nguvu ya kuinua.

Mjerumani Richard Stribeck, mwaka 1902, akaonyesha kwa vipimo kwamba mambo matatu yanaamua kama utando huo wa mafuta utasimama: mwendo wa vipande, uzito wa mzigo, na mnato wa mafuta, yaani kule kuwa mepesi au mazito. Mwendo mkubwa unahitaji mafuta mepesi, kwa sababu mazito yanageuka kuwa mzigo wenyewe. Mwendo mdogo wenye mzigo mkubwa unahitaji mazito, la sivyo yanakimbia. Ndiyo maana sikubaliani hata kidogo na ile kauli ya vijiweni kwamba oili nzito ndiyo oili nzuri.

Fimbo ya sindano inaleta ugumu wa pekee. Inapanda na kushuka, kwa hiyo kila mshono inasimama mara mbili, juu kabisa na chini kabisa. Inaposimama, mwendo ni sifuri, na utando wa Tower na Reynolds unaporomoka. Kinachobaki kulinda chuma ni safu nyembamba sana ya molekuli zilizoganda kwenye uso wake, unene wa nanomita chache tu. William Hardy wa Uingereza aliichunguza safu hii mwanzoni mwa miaka ya 1920. Akaona kwamba molekuli ndefu za asidi za mafuta, zenye kichwa kinachopenda chuma na mkia usiokipenda, hujipanga zikiwa zimesimama, kichwa chini. Mikia ndiyo inayotelezana.

Hapa mtetezi wa mafuta ya kula ana hoja ya kweli. Alizeti na nazi zimejaa molekuli za namna hiyo, kwa hiyo siku ya kwanza zinalainisha vizuri sana, pengine kuliko mafuta ya petroli yaliyosafishwa. Matatizo huja baadaye. Molekuli za alizeti zina viungo vya kaboni vinavyopokea oksijeni ya hewani. Zikishaipokea zinaungana, moja kwa nyingine, mpaka kimiminika kinakuwa gundi ya rangi ya asali. Wachoraji wa Ulaya walitumia tabia hiyohiyo ya mafuta ya kitani ili rangi zao zikauke. Joto linaharakisha: kwa kadirio la kawaida la wanakemia, kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi inakaribia kuwa maradufu. Cherehani iliyotiwa alizeti ikiachwa wakati wa likizo, unarudi na gurudumu limegoma. Utando uleule mwembamba unaoufuta kwenye kikaango kilichosahaulika ndio umekaa ndani ya matundu, mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Nazi ni tofauti. Haina viungo vingi vya kupokea oksijeni, kwa hiyo haigandi kama gundi. Lakini inaganda kwa baridi, na baridi yenyewe si ya kuogofya: nyuzi 24 hivi zinatosha. Usiku wa Julai Dar es Salaam hushuka mpaka karibu na nyuzi 20, na asubuhi chupa ya mafuta ya nazi iliyokaa dirishani inakuwa nyeupe pepepe. Yaliyo ndani ya cherehani yamekuwa hivyohivyo. Aidha, unyevu unayavunja taratibu na kuachia asidi zinazokula shaba, jambo la kuangaliwa kwenye mashine yenye bushi za shaba.

Kabla ya mafuta ya petroli kusafishwa vizuri, watengenezaji wa saa, bunduki na cherehani walithamini mafuta ya nyangumi mkubwa mwenye meno, kwa sababu yalishika chuma bila kugeuka gundi. Yalilipiwa kwa maelfu ya nyangumi. Marekani ilipiga marufuku biashara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mbegu ya jojoba, kichaka cha jangwani, ikaonekana kuwa na mafuta ya maumbile yanayofanana nayo.

Sasa tuje kwenye namba, kwa sababu chupa zinazo namba. Viwango vya kimataifa hupima mnato kwenye nyuzi joto 40, na kipimo ni milimita za mraba kwa sekunde. Mafuta ya cherehani ya nyumbani huwa kati ya 10 na 22. Oili ya 20W-50, maarufu kwa bodaboda, inakuwa 160 na zaidi. Hiyo ni zaidi ya mara saba ya yale mazito ya cherehani. Kwenye injini ya pikipiki hiyo ni sawa kabisa, maana kule joto linapita nyuzi 100 na oili inalegea mpaka kati ya 16 na 22, karibu na mnato wa mafuta ya cherehani barazani. Injini na cherehani zinataka mnato unaokaribiana, kila moja kwenye joto lake. Ukiitilia Butterfly 20W-50, mguu utachoka kabla ya jua la saa saba, na rangi ya oili itahamia kwenye gauni la mteja.

Oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka injini, ni mbaya zaidi. Ina masizi, chembe za chuma, maji na asidi, pamoja na kemikali za moshi zinazohusishwa na saratani ya ngozi. Wapo wanaoipaka kwenye minyororo ya baiskeli na bodaboda kila wiki kwa mikono mitupu. Hilo linanisikitisha, kwa sababu kuliepuka ni rahisi.

Kuhusu WD-40: ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu, na kombora la Atlas lilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukingwa nayo. Sehemu kubwa yake ni kiyeyusho kinachopaa hewani. Inafungua nati iliyoshika kutu, inayeyusha gundi ya zamani, kisha inaacha utando mwembamba mno. Baada yake, mafuta halisi lazima yafuate.

Bastola ya mashindano inaonyesha kanuni hizi zikiwa zimebanwa ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Hapa Tanzania silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na wachache ndio wanaomiliki bastola. Kwa majirani zetu Kenya, uwanja wa Kirigiti huko Kiambu umekuwa nyumbani kwa mashindano ya kulenga shabaha ya mtindo wa IPSC, shirikisho lililoanzishwa Columbia, Missouri, mwaka 1976. Kwenye mchezo huo alama zinagawanywa kwa muda uliotumika, kwa hiyo bastola ikikwama mara moja, sekunde zilizopotea zinafuta kazi ya mwaka.

Kipande cha juu cha bastola, slaidi, kinakimbia nyuma na mbele juu ya reli kila risasi inapotoka. Kama fimbo ya sindano, kinasimama kila mwisho wa safari. Bastola nyingi za mashindano zimechongwa kwa kubana ili zilenge vizuri, kwa hiyo nafasi ya mafuta ni ndogo. Zaidi ya hapo baruti inaleta masizi, ambayo yakikutana na mafuta mengi yanakuwa uji mzito. Kampuni ya Glock ya Austria huelekeza matone machache tu kwenye sehemu zilizotajwa, na huonya mafuta yasiingie kwenye njia ya pini ya kufyatulia.

Joto nalo linahusika. Asubuhi ya Julai Kiambu, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, inaweza kuwa nyuzi 12. Mafuta yenye mnato wa 22 kwenye nyuzi 40 yanakuwa mazito mara tatu au zaidi asubuhi hiyo. Mpiga shabaha aliyejaribu grisi nzito kwenye joto la mchana anaweza kukuta slaidi yake inarudi kivivu alfajiri. Mimi ningeanza na mafuta mepesi ya sintetiki, ambayo mnato wake haubadiliki sana, na grisi laini ningeiweka tu pale reli inapoonyesha alama za kulika.

Dar es Salaam ina adui wake. Upepo wa bahari huleta chembe za chumvi, na chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji hewani mpaka kuyeyuka unyevu unapopita asilimia 75. Asubuhi nyingi za jiji hili, Kinondoni kama Temeke, zinapita hapo. Chembe moja juu ya chuma kikavu inakuwa tone la maji ya chumvi, na kutu inaanza chini yake. Jasho la vidole linafanya vivyo hivyo. Utando wa mafuta ndio ukuta pekee, kwa hiyo hata cherehani isiyotumika inahitaji kupanguswa kwa kitambaa chenye mafuta.

Ila ukuta huo ukizidi unene unakuwa mtego. Mchanga wa vumbi letu una kwatzi nyingi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Ikinaswa kwenye mafuta pamoja na nyuzi za kitambaa, inakuwa rojo la kusagia. Fungua mahali pa bobini, uone ule mkeka wa kijivu uliojikunja chini ya meno yanayosukuma kitambaa. Utoe kwa brashi kabla ya kuongeza tone lolote.

Mashine iliyokwisha kugandiwa na alizeti huokolewa kwa mafuta ya taa, mbali na jiko na sigara. Tia kidogo kila tundu, zungusha gurudumu kwa mkono mpaka ukahawia utoke, pangusa, acha ikauke. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani kila tundu, ushone kwanza kwenye kipande cha kitambaa kibovu mpaka doa liishe.

Kwa mafundi wanaohamia kwenye mashine za umeme za kiwandani, kama zile za Juki zinazoweza kufikisha mishono 5,000 kwa dakika, mambo hubadilika. Nyingi zina beseni la mafuta chini na pampu, na zinataka mafuta mepesi zaidi, kati ya 7 na 10. Mafuta ya 20W-50 pampu haitaweza kuyainua. Juu ya kichwa cha mashine pana kioo kidogo. Mashine ikikimbia, mafuta lazima yaonekane yakirukaruka ndani yake. Yasiporuka, toa mguu kwenye pedali, zima umeme, na uangalie beseni kabla ya mshono mwingine wowote.