Je, Wajua? Kicheko cha Umati, Jinja Hadi Mbale

Je, wajua kwamba katika kwanjula ya Wasoga, siku ya wachumba kutambulishwa ukweni, macho yote huwa kwa msemaji wa wageni? Wageni huingia na kanzu na gomesi zao, wakaketi wakitazamana na wenyeji, na msemaji wa wenyeji akawauliza bila kutabasamu: nyinyi ni akina nani, na njia mmeipotea wapi? Kila aliyeko uani analijua jibu. Hata hivyo msemaji wa wageni lazima ajitetee kwa maneno matamu, na akiteleza anatozwa faini. Bahasha inatolewa, watu wanacheka, kikao kinaendelea. Mzaha huo una kazi kubwa, kwa sababu siku hiyo koo mbili zinapimana uvumilivu kabla hazijawa ndugu.

Na je, wajua kwamba msemaji huyohuyo, anayemtania shemeji na shangazi mbele za watu, hamgusi mama mkwe? Kwa Wasoga, kwa Waganda na kwa Wamasaaba wa Mbale, mwanamume na mama mkwe wake hukaa mbalimbali kwa heshima. Vichekesho vya mama mkwe vilivyowalisha wachekeshaji wa Uingereza miaka nenda rudi, Jinja vingevunja kikao. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika kwamba utani na kuepukana vinafanya kazi moja: kulinda uhusiano ambao ungevunjika upesi. Kwa hiyo msemaji mgeni, kabla ya kupanga mzaha wake, aulize safu ya mbele wamekaa akina nani, na nani ni nani kwa nani.

Je, wajua kwamba mwishoni mwa 2010 Rais Museveni alighani mashairi ya kienyeji ya Kinyankole, watayarishaji wa muziki wakayatia mdundo, na wimbo ukavuma hadi uchaguzi wa Februari 2011? Siku hizi vijana anawaita bazzukulu, wajukuu. Naona hiyo ni nafasi nzuri mno kwa mwanasiasa, maana kwetu babu ana ruhusa ya kutania.

Ila katika utani wenyewe mjukuu naye hujibu. Julai 2020 kundi la wachekeshaji la Bizonto lilikamatwa Kampala baada ya kutoa igizo la kuwaomba wananchi wawaombee viongozi wao. Walitaja vyeo na majina, na majina mengi yalitoka upande mmoja wa nchi. Walishukiwa kuchochea ubaguzi. Hili linaniuma: mzaha unaoshuka kutoka juu huitwa ucheshi, unaopanda kutoka chini huitwa kosa.

Je, wajua kwamba tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia akiwa katika kambi ya Tororo, kilomita zisizofika 50 kutoka Mbale? Amin alikuwa amezoeleka kwa vituko, na wengi walidhani ni kituko kingine. Muda uliowekwa ulikuwa siku 90. Maduka ya Jinja na Mbale, yale yenye vibaraza virefu, yakabaki bila wenyewe, na watu wapatao 28,000 wakapokelewa Uingereza. Huko London gazeti la Punch lilikuwa likichapisha makala za Alan Coren za kumwigiza Amin, na mwaka 1974 zikatoka kama kitabu cha kuchekesha. Mwaka huohuo ikatoka filamu ya Barbet Schroeder, ambamo Amin anajichekea mara kwa mara mbele ya kamera. Katika kikao kimoja cha baraza anamkaripia waziri wake wa mambo ya nje, Michael Ondoga. Muda mfupi baadaye mwili wa Ondoga uliokotwa katika mto Nile. Mimi siwezi kuitazama filamu ile kama kichekesho.

Je, wajua kwamba mtafiti Robert Provine wa Marekani aligundua kuwa binadamu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake, na kwamba vicheko vingi hufuata maneno ya kawaida tu?

Na kwamba tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka, kicheko kikawashika 95 kati ya 159, na Machi shule ikafungwa? Hawakuwa na furaha yoyote.

Na kwamba mfanyabiashara Gerald Ratner aliposema jukwaani London, Aprili 1991, kwa mzaha, kwamba bidhaa moja ya maduka yake ni takataka, kampuni ilipoteza thamani ya takriban pauni milioni 500?

Je, wajua kwamba Wamasaaba hufungua jando la imbalu Mutoto, pembeni mwa Mbale, kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, kama 2022 na 2024? Kijana husimama wima mbele ya umati, hatikisiki. Msemaji mgeni akitania kuhusu kisu, vijana huenda wakacheka, lakini awatazame wazee.

Awe mwangalifu na mvua pia. Kwingi Uganda, msemaji akikuta mawingu huanza kwa kusema mvua ni baraka, watu wakatabasamu. Mbale, kati ya wasikilizaji anaweza kuwamo mtu wa Bududa, ambako tarehe 1 Machi 2010 mlima ulikifukia kijiji cha Nametsi.

Na je, wajua kwamba sauti huenda takriban mita 340 kwa sekunde? Kwenye uwanja mpana, kicheko cha mtu aliyesimama mita 170 nyuma humfikia msemaji kama sekunde moja baada ya neno lake. Anayeogopa ukimya huo huanza sentensi nyingine, na ile ya maana humezwa na kicheko kinachofika.