Mtoto Akiharisha Safarini

Umetoka Busia na mtoto, mmelala njiani, sasa mmepita Mtwapa na Malindi i karibu. Mtoto anaanza kuharisha. Wengine humnyima kinywaji ili asichafue basi. La, mama! Kuishiwa maji mwilini ndiko kunakoua. Endelea kumnyonyesha. Changanya ORS na maji safi kama pakiti inavyoeleza, umpe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole.

Macho yakiingia ndani, akilegea au akishindwa kunywa, usingoje kufika nyumbani. Mwambie dereva, shukeni Kilifi, mpeleke hospitali. Mkifika salama, mpeleke zahanati apewe vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Karibuni nyumbani.