Nani huyo "banasema"?

Bandugu, mutazame vizuri grupu zetu za WhatsApp hapa Goma. Kifaransa kinavaa koti: komunike, matokeo, barua za kuomba kazi. Kiswahili kinabeba salamu, pole ya msiba, utani, na habari za haraka. Hapo kwa habari za haraka njo kuko neno ninaloliogopa: "banasema".

Kisarufi, "ba-" ni watu. Lakini watu gani? Kiswahili sanifu kina "inasemekana", Kifaransa kina "on dit", na yote mawili yanaficha msemaji. Tofauti ni kwamba "inasemekana" inanuka gazeti. "Banasema" ni sauti ya jirani kwenye mlango, na jirani tunamwamini.

Mwaka 2021 Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei. Tarehe 27 gavana akaamuru kartie 10 za mji zihame. Sasa chukua amri kama hiyo, uiandike "banasema Goma yote ihame". Jina la aliyeamuru limepotea, kartie zimepotea, saa imepotea. Mama mmoja atabeba watoto mpaka Sake bila sababu. Mwingine, aliyechoka na uvumi, atabaki palepale panapopaswa kuhamwa.

Mimi nikituma habari ya namna hiyo kwetu, ninaandika Kiswahili cha nyumbani, lakini ninaanza na jina: "Gavana amesema, leo asubuhi, kartie hizi." Na mtu akiandika "banasema", ninamuuliza tu: "Nani?" Wengine wanakasirika, eti diplome imenipanda kichwani. Wengine wanajibu: "Shemeji yangu, naye alisikia kwa motari."