Fahamu: Ngao ya joto ya udongo wa angani

Ngao ya joto ni ganda linalokinga chombo cha anga kisiungue kinaporejea duniani. Kikitoka kwenye mzingo kwa takriban kilomita 28,000 kwa saa, hugandamiza hewa iliyo mbele yake hadi ikawaka.

Kwa nini udongo?

Jiko la mkaa la Musoma, Bunda au Butiama linaonyesha vizuri: ndani makaa mekundu, kisha ukuta wa udongo uliochomwa, nje bati. Udongo hupitisha joto polepole. Ngao ni nzito na kuirusha kutoka duniani ni ghali mno; ikifinyangwa kwa udongo wa Mwezini au Mars, mzigo unapungua. Mwaka 2012 watafiti wa NASA, akiwemo Michael Hogue, walijaribu sampuli za udongo ulioigizwa kufanana na wa huko, nyingine zikiwa zimeshikanishwa kwa mpira wa silikoni.

Ivuna

Udongo halisi wa angani umewahi kufika Tanzania. Desemba 16, 1938 kimondo cha takriban gramu 700, chenye madini mengi ya mfinyanzi, kilianguka Ivuna, kusini magharibi mwa nchi. Kundi zima la vimondo adimu linabeba jina hilo, na chembe ambazo chombo cha Japani, Hayabusa2, kilileta kutoka asteroidi Ryugu mwaka 2020 zinafanana sana na kimondo hicho.