Tumbo Tupu Haisomi

Wazazi wapenzi, na ninyi vijana wetu munaosoma katika vyuo vikuu vya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, leo tuzungumze juu ya sahani.

Jambo hili tunalijua wote. Mtoto anatoka nyumbani na mfuko wa unga na franka kidogo. Mwezi wa kwanza anakula vizuri. Mwezi wa pili mboga inakosa. Asubuhi ni chai na mkate, mchana hakuna kitu, magaribi bukari na ndakala tatu. Mama akimuuliza, anajibu: "Niko muzuri, Mama." Mitihani inakaribia, anakesha usiku tatu na kahawa kali. Siku yenyewe macho yanaona maulizo, lakini kichwa haikumbuki kitu. Mikono inatetemeka, kizunguzungu kinamshika. Nyumbani watu wanaanza kusema: "Banamuloga mutoto yetu!" Wanamtafuta shangazi wa kushitaki, na jamaa inapasuka.

Ngojeni kwanza! Mbele ya kumshitaki mtu, mumuulize mtoto: Ulikula nini? Ulilala saa ngapi?

Ubongo ni karibu 2 kwa mia tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu 20 kwa mia ya nguvu zake. Ni kama tanuru la kuyeyusha shaba: unafanya kazi muchana na usiku, na pasipo makaa moto unapunguka. Tena, wakati wa usingizi ndipo ubongo unapanga na kuweka yale tuliyojifunza. Kijana anahitaji kulala saa 7 au zaidi. Kahawa haileti nguvu, inaficha tu uchovu. Saa 5 hivi kisha kuinywa, karibu nusu yake ingali mwilini.

Bukari peke yake inajaza tumbo, lakini haitoshi kujenga mwili. Iongezewe maharagi au karanga, hapo vinasaidiana. Lenga-lenga, matembele na sombe vina madini ya chuma yanayosaidia kufanya damu. Wasichana wanayahitaji zaidi, kwa sababu wanapoteza damu kila mwezi. Kukamulia ndimu juu ya mboga, ao kula pera kisha chakula, kunasaidia mwili kupokea chuma hicho. Lakini chai pamoja na chakula inakizuiza. Muinywe saa moja ao mbili nyuma.

Mutasema: makala ni bei! Ni kweli. Mulowanishe maharagi usiku kucha, mumwange yale maji, yataiva upesi. Na wanafunzi wane wa chumba kimoja wakiunganisha franka zao, watapika chungu kimoja kwa makala ya mtu mmoja.

Baba na Mama, katika mfuko wa unga mutie pia kilo za maharagi na karanga. Kijana, usione haya kusema: "Mama, niko na njaa." Si aibu. Na kama unakula, unalala, na kizunguzungu hakiishi, uende kwa munganga upimwe damu. Pengine ni malaria ao upungufu wa damu.

Shangazi tumwache kwa amani. Pengine yeye ndiye angemtumia mtoto kilo ya maharagi.